Siku Nilipomfanya Bwana Kazimiri Bingwa wa Dunia

Mkasa huu nimeusimulia mara mbili tu, na mara zote mbili niliupunguza ili nisionekane mbaya sana. Leo nitausema ulivyo, nanyi mkitaka kunicheka nichekeni, ingawa sidhani kicheko kitawafikisha mbali.

Ulikuwa mwaka wa mwisho kabla ya uhuru. Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni Uganda na digrii yangu, naishi Likoni kwa mjomba wangu, Mzee Bakari, na nafanya kazi katika ofisi ya mawakala wa meli, ambako nilikabidhiwa mabaharia wa meli moja ya Poland iliyokwama bandarini ikingoja kipuri. Mmoja wao alikuwa fundi wa mashine, Bwana Kazimiri (jina lake la ukoo nililifanyia mazoezi mbele ya kioo na bado likanishinda). Kwa Kiingereza chake cha kuokoteza akanieleza kwamba zamani alikuwa mchezaji wa kitara, ule upanga mwembamba ambao Wazungu hushindana nao wamejifunika nyuso kwa waya, na kwamba miaka kumi na miwili aliichezea nchi yake katika mashindano ya dunia, katika miji ambayo mimi niliijua kwa ramani tu.

"Ulishinda mara ngapi?" nikamuuliza.

"Sikushinda. Mara moja nilifika nusu fainali. Kisha mkono ukavunjika."

Alisema hivyo bila haya yoyote, akanionyesha mkono wa kulia, vidole viwili havikunjiki. Daktari alikuwa amemwonya kwamba ukivunjika tena hatashika spana maisha yake, na fundi asiyeshika spana hurudishwa kwao.

Basi Jumamosi moja alasiri nikamwalika kwenye harusi ya jirani yetu. Mjomba ndiye aliyekuwa hodari wa kirumbizi mtaani, ule mchezo wa wanaume wawili kukabiliana kwa bakora huku zumari ikilia, na aliposikia mgeni wangu naye alikuwa mtu wa panga, akaja akaketi mbele yake.

"Muulize mgeni wako, huko kwao alikuwa nani?"

Bwana Kazimiri akaeleza vile vile, kwamba kacheza sana na kashindwa sana. Wanaume kama ishirini wakawa wanautazama mdomo wangu. Nami nikawaza (mimi huwaza mno, hayo ndiyo maradhi yangu) kwamba nikisema ameshindwa miaka kumi na miwili watasema msomi wetu kaenda bandarini kutuokotea Mzungu mbovu, na wakicheka mgeni atadhani nimemkejeli, na mjomba, aliyekwisha kuwatangazia kwamba mpwa wake ana rafiki wa maana, atauweka wapi uso wake.

Nikasema, "Alikuwa bingwa wa dunia."

"Bingwa wa dunia," mjomba akarudia polepole. "Na mimi wa Likoni. Mwambie aje tuamkiane kwa bakora."

"Mzee Bakari, tahadhari," jirani mmoja akamtania. "Wazungu wenziwe wafunga mizigo, huyu ndo kwanza yuwafungua yake."

Watu wakacheka. Bwana Kazimiri akaniuliza wanasemaje, nikamwambia, akatikisa kichwa. "Waambie siwezi. Mkono wangu waujua."

Mlango wa kutokea ulikuwa hapo, wazi kabisa, lakini nilihofia nikiutaja mkono wataniuliza ulivunjikaje, na aliyeuvunja ni nani, na bingwa wa dunia huvunjwaje mkono. Kwa hiyo nikamwambia yeye kwamba hii ni ngoma tu, hawapigani, na kukataa ni kumtukana mwenye harusi, na wao nikawaambia, "Anasema yu tayari."

Alicheza vizuri, wallahi. Miguu yake ilikwenda na kurudi kama ya kijana, hata wale waliokuwa wakitania wakaanza kumshangilia. Kisha bakora ya mjomba ikamgusa begani, kidogo tu. Sasa, katika kitara (hili alinieleza mwenyewe bandarini) mchezaji mwungwana akiguswa hukiri mwenyewe, husimama akainua mkono, na mchezo hukatika papo hapo. Kirumbizi hakikatiki hivyo. Huendelea mpaka mtu wa tatu aingie kati. Bwana Kazimiri akahamishia bakora kushoto, akasimama, akainua mkono wa kulia mtupu, na pigo la pili la mjomba lilikwisha kutoka, pigo zito, la kumpa bingwa alikinge.

Katika ua mzima mimi peke yangu nilizijua kanuni zote mbili. Mlio wa mfupa niliusikia juu ya zumari.

Tulivuka feri mkono umefungwa kwa kilemba cha mjomba. Asubuhi yake mjomba akaja hospitali, akaketi kando ya kitanda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mwambie anisamehe. Mwambie nilimpigia ubingwa wake, sikujua yu mgonjwa. Kwani hakukwambia?"

Na Bwana Kazimiri naye, kutoka kitandani, "Hukumwambia habari ya mkono?"

Maswali mawili, na hapakuwa na mkalimani mwingine. Nikasema yote, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, na Kiingereza kilinichukua muda mrefu zaidi.

Mjomba akasimama. "Yaani nimemvunja mtu aliyekataa," akasema, si kwangu, akatoka nje.

Bwana Kazimiri akanigeukia. "Miaka kumi na miwili nimeshindwa mbele ya watu," akasema. "Wewe ndiwe wa kwanza kunionea haya."

Meli yake ilipopata kipuri, yeye alikwisha kurudishwa kwao, na spana zake akamwachia mwenzake.

Tangu hapo nimefasiri mbele ya mahakimu na mbele ya wakubwa. Mtu akisema ameshindwa, nami nasema ameshindwa, na waliopo wacheke wapendavyo.