Gari Lisilopumua

Kheir ni fundi makochi wa Jang'ombe, na kwa fundi makochi tundu ni aibu. Kitambaa kikiachia nafasi pembeni, mteja hutia kidole, akacheka. Ndiyo maana alipoligeuza gari kuukuu la abiria kuwa chumba cha kulala cha mama yake, alilivisha kama kochi la bibi harusi. Ndani alitia sponji nene, juu ya sponji karatasi ya fedha, kisha mahameli ya kijani. Nje alipaka rangi nyeupe. Madirisha aliyaziba kwa mbao, maana nani apite amchungulie mama wa mtu amelala? Kila ufa ulinyweshwa gundi.

"Jua lisipate pa kuingilia," alisema.

Kazi yote hiyo ilikuwa kwa ajili ya safari ya Nungwi. Huko Bi Maisara, dada wa mama yake, alikuwa mgonjwa kitandani tangu maulidi ya Mfungo Sita, na sasa kaskazi imeshika na joto lake. Mama yake, Bi Wanu, anakaa ghorofa ya juu kabisa Michenzani. Mgongo wake haukubali kwenda na kurudi siku moja, na nyumba ya Nungwi imejaa wajukuu hata pa kujinyoosha hapana. Ilibidi aende na chumba chake. Alikubali, lakini alitoa sharti: kwanza apate kulijaribu gari palepale chini ya jengo, mchana, jua likiwa kali.

"Nikitulia humo, tunakwenda. Nisipotulia, niache nikakae ghorofani kwangu."

Baada ya sala ya adhuhuri akaingia, mlango ukafungwa. Kheir hajamaliza kikombe chake cha kahawa, mlango ukagongwa kwa ndani. Bi Wanu alitoka kanga imemganda mwilini.

"Joto, mama?"

"Joto liko hapa nje. Humo mna fukuto."

Kheir alisikia neno joto tu. Akarudi Jang'ombe na gari lake, akaongeza sponji ya pili, akaongeza karatasi ya fedha. Alizifuata kingo zote za mlango kwa gundi, taratibu, kama anayefunga kidonda. Mwisho akafunga pangaboi dogo la betri, akajisifu mwenyewe kimoyomoyo.

Siku ya jaribio la pili Bi Wanu aliletwa Jang'ombe, na Ayoub wa gereji ya jirani alikuja kutazama. Alitia kichwa ndani, akakitoa upesi.

"Kheir, n'letee unga tuoke boflo."

"Nenda zako."

"Wallahi, pangaboi lako linakoroga tu. Kama mwiko kwenye chungu."

Bi Wanu aliingia, akatoka. Alikaa barazani akijipepea kwa ncha ya mtandio, na simu ya Kheir ikalia. Alikuwa Nassra, binti wa Bi Maisara, kutoka Nungwi.

"Mama anauliza, Wanu keshatoka mjini? Kila gari likipita anauliza."

Kheir alijibu kwamba wako karibu kutoka. Kisha akaupiga teke mpira wa gari, akaumia kidole.

"Kheir," mama yake akaita.

"Naam, mama."

"Mimi nnakwambia fukuto, we unanijibu joto. Joto la jua. Fukuto langu mwenyewe: pumzi yangu, jasho langu, vimekosa pa kwendea. Umenifungia na pumzi yangu."

"Nimeziba jua lisiingie!"

"Na mimi nisitoke."

"Sasa nifanyeje? Nitoboe?"

"Toboa."

"Mahameli yote ile, mama? Nimeishona kwa mkono!"

"N'likuomba mahameli mimi?"

Ayoub alikwenda kuchukua grenda ya kukatia chuma bila kuambiwa. Kheir alikata mwenyewe, meno yameumana, cheche zikimrukia, na kila chuma kilipoachia aliona kama anachana nguo ya mtu barabarani. Tundu moja juu ya paa, mawili chini karibu na sakafu. Sponji ilining'inia kama utumbo. Kwenye matundu ya chini alipigilia vipande vya mbao vya mshazari, upepo upite, jicho la mtu lisipite. Kazi mbaya. Angeiona kwa fundi mwingine, angecheka.

Bi Wanu akaingia tena. Kheir alisubiri mlango ugongwe. Haukugongwa. Akashindwa kuvumilia, akausukuma kidogo, akamkuta macho makavu, yanatazama mbingu kupitia kwenye paa.

"Umepata usingizi?"

"Sijapata. Gundi yako inanuka."

Kheir alikaa chini pale pale kwenye vumbi, kichwa mikononi. Wiki zote zile, vidole vyote vilivyochomwa na sindano.

"Lakini fukuto limetoka," mama yake akasema. "Washa gari. Huo usingizi n'taupata njiani."

Waliondoka vile vile, bila hata kupiga rangi kingo za chuma. Walipofika Mahonda tundu la paa lilikuwa likipiga mbinja, na kila mbinja ilimchoma Kheir roho. Chini ya mbinja akasikia sauti nyingine, nzito, ya mtu anayekoroma. Akapunguza mwendo. Hakufurahi. Alikuwa akiwaza namna ya kuikunja ile mahameli pembeni, isijulikane ilipochanika.