Waliorudishwa Kolej

Wakati ule nilikuwa na chumba cha video kisiwani Nosy Be: televisheni moja, deki moja, mabenchi sita na pazia zito la kuzuia jua. Asubuhi niliuza vitambaa vya meza vya kudarizi kwa wageni pwani ya Ambondrona. Jumamosi alasiri nilifungua chumba kwa ajili ya wanawake, na mabenchi niliyahesabu kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, kwa sababu benchi ni kitu ambacho watu wakishakizoea wanakiona chao. Nyumbani tulisema Kikomori, sokoni Kimalagasi, na Kifaransa pale bei ilipohitaji kupanda. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata baadaye, nikifuata bidhaa Zanzibar, nacho nilikipata kama nilivyopata kila kitu, kwa kubishana.

Mchezo uliotawala Jumamosi hizo ulikuwa wa kuchekesha, wa vijana wa lise moja, yaani sekondari ya juu, huko Marekani. Mikanda yake ilikuwa imerekodiwa kutoka televisheni ya Réunion, na vijana wale walizungumza Kifaransa safi kuliko mkuu wetu wa posta. Kulikuwa na msichana wa miwani aliyejua kila jibu, mvulana aliyekula kutoka sahani za wenzake, na mwingine ambaye baba yake aliuza matairi na hakuna aliyemheshimu. Wanawake waliwafahamu kama watoto wa mtaa. Mla sahani alipougua, jirani yangu aliuliza sokoni kama kuna mwenye habari zake.

Mama yangu alikaa benchi la mbele, ubavuni mwa deki, kwa haki ya uzazi. Jambo moja tu lilimuudhi katika mchezo ule: wale watu wasioonekana, wanaocheka kila baada ya maneno mawili matatu. Sisi tulijua ni sauti iliyopachikwa. Mama alisema hapana, hao ni majirani walio nyuma ya ukuta, na hawana adabu. Mtu akianguka, wanacheka. Mtu akiachwa na mchumba, wanacheka. Aliwahi kuniuliza kwa nini familia ya msichana wa miwani, yenye nyumba kubwa namna ile, isihame tu.

Mkanda wa mwisho ulipofika, vijana wakafaulu mtihani wa kumaliza lise, ule tunaouita bak, wakarusha kofia juu. Chumba kizima kililia. Mwanamke mmoja alikuja Jumamosi iliyofuata na mkate wa sinia, kama anavyopelekewa mama wa mtoto aliyefaulu, na kwa kuwa mama wa vijana wale walikuwa mbali, tukaula sisi.

Mwaka huohuo binti yangu naye alipata bak. Alitaka kwenda Mahajanga, chuo kikuu, kusomea meno. Tangu akiwa mdogo alikuwa akiwafungua paka midomo, kwa hiyo hatukushangaa. Tatizo lilikuwa pa kulala. Mjini Mahajanga tulikuwa na nyumba moja tu ya kufikia, ya mama yangu mdogo, mtaa wa Antanimasaja, na mama mdogo huyo hakuwahi hata kubadilisha pazia bila neno la dada yake. Dada yake ndiye mama yangu. Mama akisema ndiyo, mtoto anasoma. Akisema hapana, mtoto anakuja kudarizi vitambaa pamoja nami, na siku zake za kuandikishwa chuoni zinampita. Mama alisema atafikiri.

Akiwa bado anafikiri, nikafanya biashara niliyojisifia wiki nzima. Mzungu mmoja na mkewe, watu wa Afrika Kusini, walitia nanga jahazi lao la kutembelea karibu na Andilana. Mke alipenda kitambaa changu cha watu kumi na wawili. Nikaona ndani ya chombo chao boksi la mikanda, na juu ya boksi picha ya msichana wa miwani. Nikasema kitambaa hiki si cha kuuza, nimekishona kwa ajili ya harusi ya binti yangu. Binti yangu, aliyekuwa amenibebea kapu, alitazama baharini. Mwishowe nikakubali kuwavunjia harusi hiyo kwa boksi zima na ndoo nzuri ya plastiki. Mikanda niliihesabu mara mbili. Nilichosahau ni kufungua makasha yake, na moja halikuwa na kitu ndani.

Kumbe huo ulikuwa mchezo uliozaliwa na mchezo. Vijana walewale, baada ya lise, wameondoka kwao na kwenda kusoma mbali. Nikautangaza mtaani, na Jumamosi hiyo hata mabenchi ya jirani yaliazimwa.

Nilipobonyeza deki, picha ilitoka, lakini rangi hazikutoka. Televisheni yangu ilikuwa ya mtindo wa Kifaransa na haikuelewana na mikanda ya Afrika Kusini. Vijana wetu wote walikuwa kijivu. Pili, Kifaransa kilikuwa kimekwisha. Walizungumza Kiingereza, na hatukuambulia kitu. Hatukuambulia kitu isipokuwa neno moja, lililorudi na kurudi kwenye midomo yao, kwenye kuta, hata kwenye fulana ya mla sahani: kolej.

Kila mtu Nosy Be anajua kolej ni nini. Unatoka shule ya msingi na miaka yako kumi na moja, unaingia kolej. Ukifaulu, unaenda lise. Ukifaulu tena, ndiyo bak, ndiyo chuo kikuu. Kolej ni shule ya watoto wanaopoteza kalamu.

Kisha mwanamke wa mkate wa sinia akasema polepole kwamba wamerudishwa. Na tulipotazama vizuri, kila kitu kililingana. Wamebeba madaftari kama watoto. Wamelazwa wawili wawili katika kijichumba. Wanapotea kwenye korido wakitafuta darasa. Msichana wa miwani, yule aliyejua kila jibu, amepewa karatasi yake na mwalimu na analia. Na wale wa nyuma ya ukuta wanacheka kupita siku zote, jambo ambalo safari hii hata mimi nililiona la haki kidogo, kwa watu wazima waliorudishwa kolej.

Mama aliinuka kabla mkanda haujaisha. Jioni ile alitoa hukumu akichambua mchele.

"Wale wote walikuwa na bak," alisema. "Mbele ya macho yangu. Wazazi wao wana magari. Wakatoka kwao, wakaenda mji wa watu, wakarudishwa chini na kuchekwa. Mtoto wetu atabaki hapa."

Binti yangu alijaribu kumweleza. Alikuwa na Kiingereza cha lise, kidogo lakini cha kweli. Alisema kwa lugha ya wale watu, kolej ni shule inayokuja baada ya lise, ndiyo hiyohiyo chuo kikuu.

"Koko," alimwambia, maana ndivyo tunavyomwita bibi, "kwao imepanda. Ni kwetu ndiko iko chini."

Mama alimtazama kama mtu anavyotazama mzani wa muuza samaki. "Na wewe ndiye unayetaka kwenda," alisema. "Mwenye mali hakosi kuisifia mali yake."

Wanawake wa Jumamosi nao walikuwa upande wa Mama. Wakamwambia binti yangu kwamba kusema kolej inakuja baada ya lise ni kama kusema futari inaliwa kabla ya jua kuzama. Mmoja akaongeza kwa huruma kwamba msichana anayejua kudarizi hakosi. Binti yangu aliacha kuja chumbani. Alikaa uani na kitambaa mapajani, akipitisha sindano mahali palepale, na nilipokikagua usiku nikakuta ua moja limeshonwa mpaka limekuwa gumu kama kifungo.

Nikaingia kazini. Nilimwambia Mama tumpeleke mwaka mmoja tu. Akasema wale nao walipelekwa hivyohivyo. Nikasema tumpeleke mpaka Ramadhani. Akasema mwezi wa kufunga mtoto akae na wake. Nikapunguza, nikapunguza, mpaka nikajikuta naomba binti yangu akasomee meno kwa muda wa wiki tatu, na Mama bado anatikisa kichwa akirudia kolej, kolej, kolej.

Hapo ndipo nilipojishtukia. Miaka yote ile pwani nimejifunza jambo moja kuhusu mnunuzi: anayelalamikia uzi, akageuza kitambaa, akalalamikia tena uzi uleule, hana ugomvi na uzi. Kuna jambo jingine, na hataki kulitaja. Na mimi nilikuwa nabishana juu ya uzi siku ya ngapi sijui.

Nikamngoja amalize sala ya alasiri, nikaketi kwenye mkeka wake.

"Mama," nikasema, "kinachokuzuia ni kolej, au ni Mahajanga?"

Sisi tulihama Mahajanga mwishoni mwa miaka ya sabini, baada ya vurugu zile ambazo Wakomori waliuawa na nyumba zao kuchomwa. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari. Mama mdogo alirudi mambo yalipotulia, kwa kuwa mumewe alikuwa mtu wa hukohuko. Mama hakurudi. Hakusema kwamba hatarudi. Kila mwaka alikuwa na sababu nyingine, mara goti, mara kuku.

"Ule mji ulinitoa mlangoni pangu bila viatu," alisema mwishowe. "Nilikuwa nimewasalimu wale watu kila asubuhi. Sasa nimpe mjukuu wangu?"

Sikuwa na bei ya kutaja. Kwangu hilo si desturi, na nadhani ndilo lililomshtua.

"Kama ni kumpa," akasema baadaye, sasa kwa sauti yake ya sokoni, "nitampeleka kwa mkono wangu. Niuone huo mlango anaoingia. Nisipoupenda, narudi naye, na wewe hutafungua mdomo."

Nikakubali haraka kuliko ninavyokubali kitu chochote.

Tulikwenda watatu kwa meli ya mizigo iliyobeba zaidi mifuko ya sukari kuliko watu. Tulipoona bandari ya Mahajanga, Mama alisema tu kwamba wameibadilisha rangi. Kule Antanimasaja mama mdogo alimshika dada yake mlangoni, wakaingia ndani wenyewe wakafunga, na binti yangu nami tukakaa barazani na mizigo mpaka chai ikapoa.

Asubuhi tukaenda chuoni. Mama alivaa kanga yake mpya na kutembea mbele. Getini alisimama mlinzi mzee, mtu wa kaskazini kwa lafudhi yake, akijipepea kwa kipande cha boksi. Mama akamsalimu kwa heshima, akamuuliza kwa Kimalagasi cha Mahajanga, ambacho sikuwa nimekisikia kinywani mwake tangu usichana wangu, kama hapa ndipo kolej.

Yule mzee aliacha kujipepea. "Kolej?" alisema. "Mama yangu, mimi nimelinda kolej miaka mingi. Kule ukigeuka wanakupiga kwa jiwe. Hapa ni chuo kikuu. Hapa hata wanaofeli wananiamkia."

Mama akamuuliza wanachekwa na nani. Mzee hakuelewa swali, lakini akajibu kwamba hapa hakuna mwenye nafasi ya kucheka, wana mitihani. Wakaendelea kuzungumza. Wakaulizana mitaa, wakaulizana msikiti, wakamtaja muuza mkate fulani aliyekwisha kufa. Binti yangu alinikanyaga mguu: foleni ya kuandikishwa ilikuwa ikijaa. Nami nikamkanyaga, angoje. Mama akageuka, akautazama mlango juu mpaka chini kama anavyokagua kitambaa, akamshika mjukuu wake mkono, wakaingia. Hakunitazama mimi hata kidogo.

Nilipanga kurudi Nosy Be na Mama kwa meli ya siku ya tatu. Siku hiyo nilimkuta uani kwa mama mdogo akimfundisha jirani muuza kamba wa baharini jinsi ya kumpunguzia bei mteja ambaye ni Mama mwenyewe. Kapu lake halikuwa limefungwa. Nikamkumbusha meli.

"Nenda wewe," alisema, bila kuacha kuchagua kamba wakubwa. "Chumba chako kinakungoja. Sisi Jumatatu tuna darasa."