Nyumba Iliyovaa Mshipi

Udongo ukipondwa na maji hutoa harufu ya ubaridi, kama ya mtungi uliolala na maji. Hata sasa, nikipita mahali watu wanakandika nyumba, miguu yangu hupunguza mwendo yenyewe, nami najikuta nimerudi Butula, darasa la sita, tope limenifika viwikoni na jua linaingia dirishani kama lililosinzia.

Mwalimu wetu alikuwa ametoka ng'ambo, magharibi ya Uganda, kule kwenye milima. Miaka hiyo ya sabini watu wengi walivuka mpaka pale Busia na Malaba na begi moja mkononi, na sisi watoto tulikatazwa kuwauliza mengi. Jina lake lilikuwa refu, lilitushinda ulimi, basi tukamwita Mwalimu Bya, naye akaitika.

Siku hiyo tulisoma tetemeko la ardhi. Kwetu lilikuwa neno tu. Ardhi yetu ya Marachi ilikuwa imelala tangu tuzaliwe. Mwalimu alilaza mlango mkuukuu juu ya magunzi ya mahindi, akataka kila mmoja ajenge juu yake nyumba ya kwao. Wakati huo Baba alikuwa akimjengea nyanya yetu, Kukhu, nyumba ya matofali, na kuta zilishapita madirisha. Basi nikafinyanga vitofali, nikavipanga kwa majivuno. Nafula, niliyekaa naye dawati moja, alifunga vijiti kwa nyasi, akavipaka tope kidogo. Nilimhurumia. Tukaziacha nyumba juani hadi alasiri, zikauke.

Kisha mwalimu akausukuma mlango. Magunzi yakabiringika, kijiji chetu kikacheza. Nyumba ya Nafula iliinama kama mlevi, lakini ikasimama. Yangu ilianguka yote kwa mpigo. Darasa likashangilia, hata mimi nikacheka.

"Ndani alikuwa nani?" mwalimu akaniuliza, taratibu.

"Kukhu."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akapiga magoti, akaanza kuondoa vile vitofali kimoja kimoja kwa ncha za vidole, akipuliza vumbi, kana kwamba kweli chini yake kulikuwa na mtu anayepumua. "Tetemeko lenyewe haliui sana," akasema. "Ukuta ndio unaua."

Jioni nilisimama mlangoni pa nyumba mpya, nimetanua mikono, nikaapa kwamba Kukhu hataingia humo. Kukhu alicheka akashika mbavu. Baba hakucheka. Asubuhi alinipakia kwenye keria ya baiskeli, tukaenda naye shuleni.

"Mwalimu, umeniharibia mtoto," alisema hata kabla ya kuegesha baiskeli. "Najenga nyumba ya maana, yeye anaikimbia kama kaburi!"

Mwalimu Bya alitazama chini. "Mzee, hata mimi nilijenga ya matofali. Niliwajengea mke wangu na mtoto wetu. Ardhi ilitingishika mimi nikiwa shambani."

Njiwa walikuwa wakikwaruza mabati ya shule. Baba akavua kofia.

"Pole, mwalimu." Kisha akauliza: "Na kama ungejenga leo, ungefanya namna gani?"

Mwalimu alieleza kwa mikono: mbao zizunguke kuta zote kule juu, zishikane kwenye pembe, ili ukuta mmoja ukitaka kwenda, nyingine ziuzuie. Jumamosi akaja mwenyewe, amekunja suruali, wakazifunga zile mbao yeye na Baba. Majirani walipita wakicheka, "Nyumba ya mzee imevaa mshipi!" Baba, ambaye hakuzoea utani, akajibu, "Basi suruali haitaanguka."

Siku ya Kukhu kuhamia, mwalimu alialikwa chai, na Baba akamwomba atangulie kuingia. Alifika kizingitini akasimama. Alisimama mno. Nikadhani anatafuta pa kupangusia viatu, nikamkimbilia na kipande cha gunia. Kukhu akanisogeza kando, akamshika mwalimu mkono.

"Mwanangu," akasema, "tuingie wote."

Tetemeko halikuja, mpaka leo. Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama habari ya mwalimu aliyemwokoa nyanya yangu. Nilikuwa nimeshazaa watoto wangu ndipo nilipomfikiria yeye: alivyoishi kwenye kibanda cha nyasi kando ya shule, nasi tukidhani ni umaskini, alivyozipapasa zile mbao kwenye pembe, akazipapasa tena, kazi ikiwa imekwisha. Viatu vyake havikuwa na tope siku ile. Alikuwa mtu anayejaribu kuingia chini ya kuta za matofali, na katika sisi sote ni Kukhu peke yake aliyeliona hilo. Hakumwachilia mkono hadi chai ilipoletwa.