Siku Niliyowarudisha Watu wa Sayari Tatu Nyumbani kwa Krismasi

Nianze kwa kukiri kabisa ili msinikatize katikati: ni kweli, mimi ndiye Godlisten niliyeua uchumi wa sayari nne mbele ya watu, tarehe ishirini na nne Desemba, mchana kweupe, mama yangu mzazi akiangalia. Kaloleni nzima, mtaa ninaoishi hapa Arusha, wameshanicheka, na bado aibu ikinijia nikiwa naoga nafumba macho bila sabuni.

Chanzo ni uongo mdogo. Sisi Wachaga mnatujua, Desemba ikifika kila mtu anafunga duka, anabeba mchele na mafuta na kuku wa zawadi, anakwenda kwao Kilimanjaro, na kwetu mimi ni Mwika, wala si mbali, ukitoka Arusha asubuhi mchana unakula kwa mama. Lakini mwaka juzi fainali ya gemu kwenye banda la Mama Neema, Ngarenaro, ikaangukia tarehe hiyo. Zawadi ilikuwa televisheni kubwa, nikajidanganya kwamba nitashinda nimpelekee mama (mama ambaye hajawahi kuniomba televisheni). Nikampigia nikamwambia kazi zimebana, bosi kagoma kutoa ruhusa. Akasema, "Haya mwanangu, kazi ni kazi. Fungu lako la nyama nitaliweka."

Gemu lenyewe ni la anga za juu. Mnapewa sayari, mnaweka watu, watu wanafanya kazi wanalipa kodi, kodi inajenga meli za vita. Watu wakiwa wachache machimbo yanasinzia, wakizidi wanamaliza ghala la chakula na kuanza fujo. Mwenzangu Saning'o, Mwarusha aliyekulia kwenye ng'ombe kule magharibi ya Mlima Meru, ndiye aliyepigana vita, mimi nikawa mtu wa watu na uchumi, kazi ambayo hakuna anayeiona mpaka iharibike. Sayari yetu ya kwanza niliipa jina Mwika. Zile nyingine tatu, ya machimbo, ya viwanda na ya mashamba, sikuzipa hata majina, maana nani anaipa jina sehemu ya kutafutia riziki tu?

Tulikuwa tunaongoza, tena kwa mbali. Mama Neema alikuwa na kipaza sauti anatangaza kama mpira, na simu yake ameisimamisha kwenye chupa ya chai, inatuonyesha mubashara mtandaoni (hilo nililiona, na kwa ujinga wangu nikaipungia mkono). Mlango ulikuwa wazi. Nje watu wanapita na mabegi kwenda stendi, nikamwona baba mmoja amekumbatia beseni jipya lenye vitenge ndani, anatembea haraka huku anacheka peke yake. Nikageukia kioo, na kalenda ya gemu nayo ikawa imeingia Desemba.

Jamani, niliwatamani watu wa kwetu. Nikaona moshi wa jikoni kwa mama, nikasikia wajomba wakibishana nani achinje. Mkono wangu ukachukua wachimbaji wa sayari moja, ukawapakia kwenye chombo cha anga, ukawapeleka Mwika. Chombo kimoja tu, nikasema moyoni, wakale sikukuu, Januari watarudi.

Machimbo yakasimama. Viwanda vikakosa chuma, wafanyakazi wakakaa bure, na mimi nikaona badala ya kukaa bure si bora nao waende kwao? Nikawapakia. Wa mashambani nikawaonea huruma kubaki wenyewe, nikawapakia pia. Basi Mwika ikafurika, chakula kikaisha, fujo zikaanza, na nilipotaka kuwarudisha makazini nikakuta kodi haiingii, mafuta ya vyombo hayanunuliki. (Januari ya kweli kabisa, watu wamekula sikukuu na nauli ya kurudia hakuna.) Meli za Saning'o zikazimika katikati ya vita.

"Kaka," akasema polepole, bila kunitazama, "hata baba yangu kiangazi hafungi ng'ombe wote boma moja."

Mama Neema naye hakuniachia. "Godlisten amewarudisha wote nyumbani! Sayari tatu hazina hata mtu wa kuzima taa!"

Hapo ndipo simu yangu ikaita, na simu yangu ndiyo iliyokuwa imeunganishwa na spika za banda kwa ajili ya muziki. Nikapokea kwa mazoea.

"Godlisten," spika zikasema.

"Shikamoo mama," nikaitikia.

"Marahaba. Dada yako Aikande ananionyesha hapa kwenye simu. Hiyo ndiyo kazi?"

Nikatafuta pa kuzimia spika, sikupaona.

"Huyo mama anasema umewarudisha watu wote nyumbani."

"Ndiyo, mama."

"Sasa mbona wewe umebaki?"

Walicheka mpaka viti vikaanguka. Nilitoka mbio mpaka stendi, hakuna siti hata ya kuomba, nikarudi Kaloleni kwa miguu. Nyumba yetu ina vyumba vinane vya kupanga, saba vina kufuli. Bombani hakukuwa na foleni, nikajaza ndoo zote, kisha nikakaa juu ya mojawapo nikalia kidogo, maana hakukuwa na wa kuniona.

Nilikwenda tarehe mbili Januari, watu wote wanarudi mjini, mimi peke yangu naelekea kwetu. Nilimkuta mama anafagia uwanja. Aikande ameshaondoka, wajomba wameshaondoka, viti vimepangwa ukutani. Akaniletea fungu langu, lilikauka juu ya moshi likawa gumu kama kandambili, nikalitafuna lote, yeye amekaa mbele yangu akinitazama.

"Na wale watu wako," akauliza, "mwishowe walikula nini?"

Nikamwambia walikosa.

"Pole yao," akasema. "Hapa chakula kilibaki."

Gemu bado nacheza, sitawadanganya. Lakini Desemba ikiingia, watu wa kwenye kioo wabaki machimboni wachimbe. Atakayepakiwa ni mimi.