Makelele ya moulin ilifunika sauti ya mama

Admin, weka hii kwa page lakini jina yangu ibakie kwako, juu bwana yangu naye anasomaga hapa.

Niko mwanamuke wa miaka makumi tatu na mbili, mama wa batoto babili. Tulikuwa tunaishi Beni, commune Ruwenzori. Bwana yangu alikuwa na moulin ya mazutu, mashine ya kusaga bunga, mu parcelle ya nyumba yetu, ukuta moja na chumba ya mama yangu. Asubui mpaka magaribi ni makelele. Mama akapata tension, damu ikapanda. Infirmière mwenye alimupima akasema: « Huyu mama anaomba fasi ya kimya. » Nilipomwambia bwana yangu, akajibu: « Na bunga ya kukula, kimya njo itatupatia? »

Mimi nilikuwa namusaidia kusaga. Masikio yangu ikaanza kulia yenyewe, hata injini ikiwa imezimwa. Nasikia kama batu bananiita, nikiangalia, hakuna mutu. Nikazoea.

Siku moja, saa kumi ya muchana, tukiwa ndani ya moulin, nikasikia kama sauti ya mama: « Mwana wangu, mutoke. » Nikajisemea, ni masikio tu. Nikaendelea kumwanga mihogo mu mashine.

Bwana yangu alipozima injini, quartier muzima ilikuwa tupu. Adui, bale waasi benye banauaga batu, balikuwa bameingia, basoda ya serikali bakabafukuza, masasi yote ile hatukusikia. Mama alikuwa amelala mbele ya jikoni, amekwisha kufa. Jirani mwenye alijificha mu choo pamoja na batoto betu akanieleza: « Mama yako alikuwa amekimbia na batoto benu pamoja na sisi. Akatuachia batoto, akarudia kubaita nyinyi. Aliita mara mingi. »

Sasa tuko Butembo, kwa shemeji yangu. Bwana yangu amepata moulin ingine, anataka kuiweka karibu na chumba ya batoto. Yeye mwenyewe hasikii tena muzuri, tunaongea kwa kupiga kelele. Nikakataa moulin iwekwe pale. Akaniambia mbele ya ndugu yake: « Mama yako aliuliwa na adui, hapana moulin yangu. Kama hautaki, rudia kwenu Kipese. »

Hajue kama nilisikia ile sauti. Sijaambia mutu, hata padri. Nikisema, pengine ataelewa, ao atasema ni mimi njo niliacha mama akufe. Nikinyamaza, batoto batazoea makelele sawa mimi.

Bamama na bababa munaosoma, munishauri: nimwambie, ao nibebe batoto nipande Kipese? Fundi anakuja kuweka injini ya ile moulin Siku ya Kwanza, Jumatatu yenye inakuja.