Siri za Ofisi Chumbani kwa Kufuli

Jina la Kufuli alipewa na mkewe, tena kwa uchungu, siku mama huyo aliporudi kutoka sokoni akakuta kabati la vyombo limefungwa na sahani zake zimehamishiwa sakafuni. Kisa? Kompyuta ya kazini ilihitaji mahali salama pa kulala. Kampuni ya bima ya afya ilikuwa imewaambia makarani wake wafanyie kazi nyumbani, na kila mmoja alikabidhiwa kompyuta pamoja na onyo kali: taarifa za wagonjwa zisitoke nje.

Kufuli akalivaa onyo hilo mzimamzima. Kamera aliibandika plasta. Paswadi yake ilikuwa ndefu mpaka yeye mwenyewe ilimtoa jasho kila asubuhi. Watoto walipigwa marufuku chumbani, paka naye hakusamehewa, na mkewe akitaka nguo zake ilibidi abishe hodi na kusubiri skrini ifunikwe taulo.

"Baba watoto, hayo mambo yenu ya tarakimu mimi nitayafanyia nini?" mkewe alilalamika.

"Ndivyo wanavyoanza wezi wote," Kufuli alimjibu, na wala hakuwa anatania.

Sasa, tatizo lilikuwa moja tu. Kule ofisini makarani walifanya kazi wawili wawili: mmoja anasoma faili kwa sauti, mwenzake anaandika na kuitikia "sawa." Ulikuwa utaratibu wa kuepusha makosa, na Kufuli aliufuata miaka nenda miaka rudi mpaka ukamwingia damuni. Nyumbani hakuwa na mwenzake, kwa hiyo akawa anajisomea na kujiitikia. "Mwanamume, miaka arobaini, dereva, bawasiri. Sawa." Anakwenda kwenye faili jingine. Na kwa kuwa chumba kilikuwa na joto la kuchemsha mayai, dirisha lilikaa wazi mchana kutwa.

Chini ya dirisha hilo, uani, ndipo fundi cherehani wa nyumba yao ya wapangaji alipoweka mashine yake, na ndipo zilipopita kamba za kuanikia nguo. Nguo za nyumba ile hazijapata kuwa safi kama kipindi kile. Watu walifua hata shuka ambazo hazijalaliwa. Majina ya wagonjwa hayakusomwa, maana kampuni ilikuwa imeyaficha kwa ajili ya usalama, ikabakiza namba, umri, kazi na mtaa. Basi uani wakapata mchezo wa kutegua vitendawili vya nani ni nani. Kufuli akiwasikia wanavyocheka, alimshukuru Mungu kwa kumpa majirani wachangamfu.

Mpaka likaja faili lile. Kinywa cha Kufuli kilisoma, kichwa chake kilikuwa kwenye chakula cha mchana. "Mwanamke, miaka hamsini na miwili, mwalimu. Saratani ya titi, maombi ya upasuaji. Sawa." Kisha akautaja mtaa, mtaa wao wenyewe, bila hata kushtuka. Cherehani ikanyamaza. Katika nyumba ile mwalimu alikuwa mmoja tu, aliyekaa mlango wa tatu na binti yake wa pekee, na binti huyo alikuwa katikati ya mitihani ya kumaliza sekondari. Kufuli alikuwa keshafika kwa mwashi mwenye ngiri.

Tangu hapo wema ukamwandama mwalimu. Ndoo yake ilibebwa kabla hajainama. Fundi alimpunguzia gauni akakataa malipo, akamtazama kifuani, halafu haraka akatazama chini. Pole zikawa nyingi, pole zisizo na kichwa wala miguu. Mwalimu si mtoto mdogo. Akamfuata mke wa Kufuli, aliyekuwa shoga yake wa siku zote.

"Shoga, niambie kweli. Wamejuaje? Mimi sijamwambia mtu. Nataka mtoto amalize mtihani wake kwanza, ndipo nimweleze mwenyewe kwa mdomo wangu."

Mke wa Kufuli aliona aibu mpaka akasahau kumkaribisha kiti. Siku hiyo, alipomaliza kumbana fundi, aliingia chumbani kwa mumewe bila hodi.

"Unamuua mwalimu wa watu, wewe!"

"Mimi? Nani kaijua paswadi yangu?"

"Paswadi ya nini, na wewe mwenyewe unawasomea? Uani kote wanajua! Mficha ugonjwa kifo humuumbua, ndivyo anavyojitetea huyo fundi. Na wewe utajiteteaje?"

Kufuli alifungua kinywa, akakifunga. Laiti angekifunga mapema. Alipokumbuka faili lile, akakaa kitandani, na kusema haki alijuta kwa dhati. Akakata shauri kukiri kazini, liwalo na liwe. Kumbe mkaguzi wa usalama wa kampuni alikuwa na ratiba ya kumpigia jioni ileile kwa video. Kufuli akabandua plasta, akaonyesha mlango, kabati, taulo.

"Safi sana, ndugu yangu," mkaguzi alisema. "Nitakutaja kikaoni uwe mfano kwa wenzako."

Maneno ya kukiri yalikuwa yamefika ulimini. Kilichotoka ni, "Asante sana, bosi." Sifa ni tamu, jamani, na mshahara ni mtamu zaidi.

Alikuwa amekwenda kufunga dirisha, kwa kuchelewa kama kawaida ya majuto, aliposikia hodi. Kwa mazoea akaifunika skrini. Alikuwa binti wa mwalimu, bado amevaa sare za shule.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mitihani inaendaje?"

"Nimebakiza wa kesho." Binti alisimama mlangoni akivuta vuta mkono wa shati. "Baba, fundi ameniambia nisome kwa bidii, eti nijiandae kujitegemea. Nikamuuliza ana maana gani, akasema nije kwako. Mama anaumwa nini?"

Kufuli akatazama taulo. Akatafuta neno la kibaba, la kiutu, lolote lile. Alilolipata ni lile walilokaririshwa kazini.

"Mwanangu, taarifa za mgonjwa haziruhusiwi kupewa mtu yeyote."

Na sauti, safari hii, aliishusha kabisa.

Binti hakubishana. Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa kiganja. Mara mama yake akaita kutoka mlango wa tatu, kwa furaha ya kujilazimisha, kwamba chakula kinapoa.

"Nakuja, mama!" binti aliitikia, naye kwa furaha ileile. Kisha akamgeukia Kufuli, akanong'ona: "Tafadhali, baba, usimwambie kama nimeshajua anaumwa. Anajitahidi sana kunificha."

Kufuli akaapa kwamba hatamwambia. Binti alimtazama kidogo, akaenda kula, na hakuonekana kuamini.