Darasa Linaloitikia Redio

Ni saa nne asubuhi, Jumatano. Mwalimu Gumato Jaldesa anatoka nje ya darasa la sita, anaokota betri sita alizozianika juu ya jiwe tangu saa mbili, anazipangusa vumbi kwa ncha ya mtandio na kuzipachika mgongoni mwa redio. Jua huziongezea wiki moja ya uhai. Amepima mwenyewe.

Ndani wanangoja wanafunzi arobaini na watatu. Msichana wa miaka kumi na mitatu, Akai Emuron, amesimama mbele ya meza, uso kwa uso na redio. Kipindi cha ufahamu kinaanza. Mtangazaji anamaliza sentensi ya kwanza.

"Eeh," Akai anaitikia.

Sentensi ya pili. "Eeh."

Itakuwa hivyo kwa dakika ishirini. Kengele za mbuzi zinapita chini ya dirisha, na hakuna kichwa kinachogeuka.

Mwaka jana, 1982, vingegeuka vyote. Gumato, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, amefundisha kwa miaka kumi na miwili katika shule hii ya msingi upande wa Burat, nje kidogo ya mji wa Isiolo. Redio waliletewa Januari mwaka huo, moja kati ya tatu zilizoazimwa shule za tarafa nzima. Kufikia Mei, mtangazaji alikuwa akizungumza na migongo ya watoto. Dirishani kulikuwa na mbuzi wa kwenda mnadani na malori ya jeshi yakitoka kambini. Redioni kulikuwa na sauti tu.

Mkaguzi wa shule alikuja Juni. Baada ya kipindi aliwapa wanafunzi maswali kumi, na wastani wao ukawa tatu. Akaacha agizo: atarudi Oktoba, na wastani usipofika sita, redio itahamia shule nyingine.

"Nilimwambia Mwalimu Gumato, hii redio ikienda hairudi," anakumbuka mwalimu mkuu, Bwana Mbuthia. "Tuna kitabu kimoja cha ufahamu kwa watoto watano. Walimu tuko sita. Hiyo redio ndiyo mwalimu wetu wa saba, na huyo hafundishi akiwa hayuko."

Gumato alianza na fimbo. Watoto wakaitazama fimbo badala ya kusikiliza. Akaziba madirisha kwa magunia. Darasa likawa tanuri, na kufikia dakika ya kumi nusu yao walikuwa wamesinzia. Ndipo akafanya jambo ambalo, kwa maneno yake, alipaswa kulifanya siku ya kwanza. Akawauliza.

Galma Dadacha, mtoto wa wafugaji wa ngamia, alisimama.

"Mwalimu, huyu mtu wa redio hana heshima. Anasalimia, sisi tunajibu, tunamuuliza watu wake, tunamuuliza ng'ombe zake. Yeye anaendelea tu. Hata mvua hajauliza!"

Darasa liliangua kicheko. Gumato hakucheka. Alitambua kwamba kila Jumatano watoto hao walikuwa wakirudisha salamu kikamilifu, kama walivyofunzwa nyumbani: amani, watu, mifugo, malisho, mvua. Walipomaliza, dakika mbili za somo zilikuwa zimepotea, na wao walikuwa wameshaamua kwamba msemaji asiyejibu salamu hastahili kusikilizwa.

Jumamosi alimsimulia baba yake, Mzee Jaldesa.

"Baba aliniuliza, 'Na nani alikuwa anamuitikia?' Nikamwambia, hakuna. Akasema, 'Basi mgeni mlimwacha aongee na ukuta, halafu mnashangaa hamkusikia habari.'"

Kwao Waborana, mtu akileta habari, mmoja wa wenyeji hupewa kazi ya kumwitikia sentensi kwa sentensi. Mwitikiaji asiposikia, husema papo hapo. Bila yeye, msemaji hunyamaza.

Jumatatu Gumato aliuleta utaratibu huo darasani. Salamu zote hutolewa kabla redio haijafunguliwa. Kisha mwitikiaji mmoja husimama mezani. Kipindi kikiisha, mwalimu huchomoa kijiti kimoja kati ya arobaini na vitatu vilivyoandikwa majina, vinavyokaa ndani ya kibuyu cha maziwa. Mwenye jina huisimulia upya habari yote.

"Hakuna ajuaye kijiti chake kitatoka lini," anasema Gumato. "Nilimkuta Galma njiani anasimulia habari za redio, anamsimulia punda."

Mkaguzi alirudi Oktoba. Kipindi kilihusu uvunaji wa chumvi. Dakika ya kumi na tatu malori ya jeshi yalipita, tisa mfululizo, na sauti ya redio ikazama. Akai, aliyekuwa na zamu ya kuitikia, aliinua mkono na kutamka, "Hapo hatujasikia." Kisha akaendelea kuitikia.

"Aliyegeuka kuangalia malori ni mkaguzi peke yake," anasema Gumato.

Majibu yaliposahihishwa, wastani ulikuwa nane na nusu. Swali la sita hakulipata hata mmoja. Jibu lake lilikuwa katika sentensi zilizomezwa na malori, na karatasi zote arobaini na tatu zilikuwa zimeandikwa mahali hapo: hatukusikia.

"Alizisoma kimya, moja moja," anasema Mbuthia. "Halafu akaniambia, 'Bwana Mbuthia, nakagua shule mwaka wa kumi na nne huu. Watoto hubahatisha. Hawa wanajua wasichokijua.' Akatia sahihi redio ibaki."

Agosti hii walimu kumi na wanne, wengine kutoka mbali kama Oldonyiro, watakuja kujifunza utaratibu wa Gumato. Lakini anachokisubiri zaidi ni kingine. Januari aliwaandikia watayarishaji wa vipindi jijini Nairobi akiwaomba jambo moja: mtangazaji asalimie, kisha anyamaze kwa sekunde ishirini. Barua ya majibu imebandikwa ukutani. Watajaribu katika kipindi cha kwanza cha muhula ujao.

Darasa limeshapiga kura ya nani atajibu salamu hiyo. Amechaguliwa Galma.

"Nitamwambia ng'ombe wazima, ngamia wazima, mvua bado," anasema. "Na safari hii atangoja nimalize."